MGB ya Mwaka 1972 Inayochemka Lubumbashi: Uchambuzi wa Kisa Kimoja

Gari linalochambuliwa hapa ni MGB GT ya mwaka 1972, iliyotengenezwa Abingdon nchini Uingereza, ikavuka mpaka wa Kasumbalesa ikitokea Zambia na usukani wake wa kulia, na ambayo sasa iko mikononi mwa mhandisi mstaafu wa migodi anayeishi Lubumbashi. Injini yake ina silinda 4 na ukubwa wa sentimita za ujazo 1,798, na bloku pamoja na silinda hedi vyote ni vya chuma cha kusubu, chuma kizito kinachovumilia mengi lakini kinachokawia kupoa kikishashika moto. Gari lilifika karakanani mwezi wa Oktoba, wakati ambapo mvua bado hazijaanza na joto la mchana katika mji huu hupita nyuzi 30 mara kwa mara. Mwenye gari alieleza shida yake kwa neno moja: linachemka.

Neno hilo halimtoshi fundi. Gari linalochemka likiwa limesimama kwenye foleni na gari linalochemka likiwa kwenye mwendo wa kasi ni wagonjwa wawili tofauti, hata kama mshale wa geji unapanda vilevile. Katika mwendo mdogo upepo ndio unaokosekana. Katika mwendo wa kasi upepo upo tele, kwa hiyo lawama huelekea kwenye mzunguko wa maji, kwenye uwezo wa rejeta, au kwenye moto wenyewe unaowaka ndani ya silinda. Tulipomhoji mzee kwa utulivu, ilibainika kwamba gari lake lina sura zote mbili na nyingine ya tatu. Kwenye foleni za katikati ya mji mshale ulipanda haraka. Kwenye barabara ya Likasi ulitulia alipokwenda kilomita 70 au 80 kwa saa, ukaanza kupanda polepole kila alipozidi 100. Na alipozima injini baada ya safari, maji yalitoka kwa kishindo kwenye mpira wa kumwagia na kutengeneza dimbwi chini ya gari.

Kabla ya kufika kwetu gari lilikuwa limepita kwenye karakana kadhaa, na kila moja ilikuwa imeacha alama yake. Feni ya asili, ile inayozungushwa na mkanda wa injini, ilikuwa imeondolewa na mahali pake pakawekwa feni ya umeme nyuma ya rejeta. Thermostati, valvu inayofungulia maji njia ya kwenda kwenye rejeta yakishapata moto, ilikuwa imetolewa na kutupwa. Kofia ya rejeta ilikuwa ya gari jingine. Mbele ya grili zilikuwa zimefungwa taa mbili kubwa za kumulika mbali. Maji yaliyokuwa ndani yalikuwa ya bomba matupu, yenye rangi ya kutu. Aidha, kwa mujibu wa mwenye gari, fundi mmoja alikuwa ameirudisha nyuma taimingi ya cheche, yaani ameichelewesha cheche inayowasha petroli, kwa sababu injini ilikuwa ikigonga (petroli ikilipuka yenyewe ndani ya silinda) kila ilipopanda mlima.

Pendekezo ambalo wote walikuwa wamelitoa mwishoni lilikuwa moja: kununua rejeta kubwa zaidi ya alumini. Mzee alilikataa, na sababu yake ilikuwa nzuri. Alisema, «Fundi, hili gari lilitoka kiwandani na rejeta hii, na watu wamelitembeza Australia na Afrika Kusini miaka yote hii. Kama rejeta ilitosha huko, nionyeshe kwanza ni kitu gani kimebadilika hapa.» Hapo ndipo kazi ilipoanzia. Zaidi ya hayo, rejeta ya asili ya gari hili ni ya shaba na shaba nyeupe, na shaba hupitisha joto vizuri kuliko alumini. Itakuwa ajabu kidogo kuitupa kwa ajili ya alumini katika mji ambao umejengwa juu ya shaba, na ambao haukosi mafundi wanaojua kuichomelea.

Kitu cha kwanza kilichobadilika ni mwinuko. Lubumbashi iko kwenye takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na kwenye kimo hicho maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Hewa nayo ni nyepesi kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi ikilinganishwa na ya pwani, kwa hiyo kila pumzi ya upepo inayopita kwenye mapezi ya rejeta hubeba joto pungufu. Mambo haya mawili hayatoshi kuichemsha injini iliyo nzima, lakini yanapunguza nafasi ya kukosea. Kinachoirudisha nafasi hiyo ni kofia ya rejeta. Kofia iliyokusudiwa kwa gari la mwaka huo inashikilia shinikizo la pauni 10 kwa kila inchi ya mraba, yaani takriban bar 0.7; ukiijumlisha na shinikizo la hewa ya Lubumbashi, maji matupu hayachemki mpaka yafikie nyuzi 113 hivi. Kati ya 96 na 113 kuna tofauti ya nyuzi 17, na tofauti hiyo yote imo ndani ya kifaa kidogo ambacho hakuna aliyekuwa amekitazama.

Tulikitazama. Kofia iliyokuwepo ilikuwa na mpira mzuri na springi yenye nguvu, na mtu angeweza kuapa kwamba ni nzima. Ila shingo za rejeta hutofautiana kina, na kofia hii ilikuwa fupi: sahani yake ya chini haikufika kwenye kiti chake. Ilifunga mdomo wa rejeta bila kushikilia shinikizo lolote, na hivyo gari lilikuwa likitembea kama sufuria iliyofunikwa kwa sahani. Hili peke yake lilieleza dimbwi la chini ya gari. Injini ikizimwa, pampu husimama lakini chuma cha silinda hedi bado kina joto, na maji yaliyonaswa humo hupanda nyuzi kadhaa katika dakika za mwanzo. Pasipo shinikizo, yalivuka 96, yakageuka mvuke, na mvuke ukayasukuma nje maji yaliyokuwa juu yake.

Hapa inafaa kueleza jambo ambalo wenye magari ya umri huu hulisahau. MGB ya mwaka 1972 haina chupa ya akiba. Maji yakitoka kwenye mpira wa kumwagia huanguka chini na hayarudi tena. Basi kila mchemko ulipunguza maji, kila upungufu ulijaziwa kwa maji ya bomba au ya kisima, na maji ya visima vingi vya eneo hili hupita kwenye miamba ya dolomiti, hivyo huja na chokaa. Chokaa hiyo hubaki ndani na kujibandika kwenye kuta zenye joto zaidi, na chokaa hupitisha joto kwa uchache mno ikilinganishwa na chuma au shaba. Kuongeza maji mara kwa mara, jambo lililoonekana kuwa uangalifu, ndiko kulikokuwa kukiziba injini. Vilevile mzee alikuwa na desturi ya kujaza mpaka mdomoni, wakati rejeta ya aina hii inataka nafasi ya sentimita 2 au 3 juu ya maji ili yapate pa kutanukia. Kwa hiyo sehemu ya maji yaliyomwagika haikuwa mchemko kabisa, ilikuwa ni kutanuka tu.

Baada ya kofia tulipima upepo. Kipimo kilichotumika ni karatasi: injini ikinguruma na feni ikiwaka, karatasi ikiwekwa mbele ya grili inapaswa kuvutwa na kubaki imeganda hapo. Hii ilipeperushwa. Nyaya za feni zilikuwa zimebadilishana, na mota ya umeme wa betri nyaya zake zikibadilishana huzunguka kinyume. Feni ilikuwa ikichota hewa moto ya chumba cha injini na kuisukuma mbele. Gari likisimama bado kuna hewa kidogo inayopita, ingawa mabawa ya feni hayakukunjwa kwa ajili ya mwelekeo huo. Gari likitembea polepole hali huwa mbaya zaidi, kwa kuwa upepo wa mwendo na upepo wa feni hukutana ndani ya rejeta na kuzuiana. Tulithibitisha kwa kipimajoto cha mwanga kisichogusa, tukiwa tumebandika utepe mweusi kwenye sehemu tulizopima, kwa sababu chuma kinachong'aa hukidanganya kifaa hicho na kukifanya kisome chini ya ukweli. Gari likiwa limesimama na injini ikinguruma, mpira wa juu, unaoingiza maji kwenye rejeta, ulisoma nyuzi 95 na wa chini, unaoyatoa, 92. Tofauti ndogo namna hiyo katika injini iliyo moto ina maana moja: maji yanapita kwenye rejeta lakini hayanyang'anywi joto. Kama mirija mingi ya rejeta ingekuwa imeziba, tofauti ingekuwa kubwa, maana maji machache yanayopita polepole hupoa sana kabla ya kutoka.

Upepo ulikuwa na maadui wengine. Taa mbili za mbele zilifunika sehemu ya grili. Mapezi ya rejeta yalijaa vumbi jekundu lililogandamana na mabawa ya kumbikumbi, wale wanaoruka kwa maelfu mvua za kwanza zikinyesha, mabaki yao yakiwa ya msimu uliopita au ya misimu kadhaa. Lililokuwa na uzito zaidi, kwa maoni yangu, ni vipande vya sponji vilivyotakiwa kuziba nafasi kati ya rejeta na bodi ya gari, juu na pembeni, ambavyo vilikuwa vimeoza na kutoweka. Hewa haina utii. Ikipata mwanya wa kupita juu ya rejeta haitajisumbua kupenya katikati ya mapezi, na gari likisimama hewa moto huzunguka kupitia mwanya huohuo na kurudi mbele kuvutwa tena. Sponji hiyo ina bei ya chai na mkate, na hakuna anayeiweka.

Sehemu iliyochukua muda mrefu zaidi kuelewa ilikuwa taimingi. Taa ya taimingi ilionyesha cheche inawaka kama digrii 2 kabla ya pistoni kufika juu, wakati injini hii inataka takriban digrii 10 ikiwa imetulia. Tulipopandisha mizunguko hadi 3,000 kwa dakika, cheche ilipaswa kukaribia digrii 30. Haikufika hata 15, kwa sababu vijiwe vya ndani ya disitributa (kifaa kinachogawia silinda cheche), vinavyotupwa nje na mzunguko na kuiwahisha cheche, vilikuwa vimegandishwa na grisi kongwe iliyochanganyika na vumbi. Cheche ikichelewa, mchanganyiko wa petroli na hewa hauishi kuungua kwa wakati wake. Pistoni tayari inashuka, valvu ya kutolea moshi inafunguka, na gesi bado inawaka ikielekea kwenye ekzosi. Nguvu inapungua, dereva anakanyaga zaidi, na joto lililopaswa kuwa mwendo linaingia kwenye kuta za matundu ya kutolea moshi, ambayo yamezungukwa na maji ya kupozea. Katika injini hii madhara ni makubwa kuliko kawaida, kwani silinda hedi yake ina matundu matatu tu ya kutolea moshi kwa silinda nne, na lile la katikati linatumiwa na silinda ya 2 na ya 3 kwa pamoja. Pale katikati ndipo chuma kinapopata joto kali zaidi.

Sasa, kwa nini taimingi ilirudishwa nyuma? Kwa sababu injini ilikuwa ikigonga. Na kwa nini ilikuwa ikigonga? Ulinganisho wa mgandamizo wa injini hii ni takriban 9 kwa 1, na ilikusudiwa petroli yenye okteni ya juu, yaani isiyogonga kirahisi, kwa hiyo fundi yule hakukosea kushuku petroli. Lakini kwenye mita 1,200 silinda hujazwa hewa pungufu, shinikizo la ndani ni dogo kuliko la pwani, na mwelekeo wa kugonga hupungua wenyewe. Injini iliyopozwa vizuri ilipaswa kustahimili taimingi yake ya asili hapa kuliko ambavyo ingestahimili Mombasa. Ilikuwa ikigonga kwa sababu ilikuwa tayari ina moto kupita kiasi. Kwa hiyo joto lilileta kugonga, kugonga kukaleta kurudishwa kwa taimingi, na taimingi iliyorudishwa ikaongeza joto. Mwenye kuangalia hatua moja tu ya mduara huo angeona tiba. Aliyefuatilia kuanzia mwanzo angeona kwamba kila tiba ilizaa ugonjwa uliofuata, na kwamba rejeta kubwa ingekuwa hatua nyingine ya mduara huohuo.

Thermostati iliyotupwa ilihitaji maelezo kwa mwenye gari, kwa kuwa katika karakana nyingi kuitoa kunahesabiwa kuwa busara ya nchi za joto. Sababu inayotolewa na wanaopinga kuitoa, kwamba maji «yanakimbia sana hayapati muda wa kupoa», nayo si sahihi. Maji yanayokimbia hurudi kwenye rejeta mara nyingi zaidi, na hesabu ya joto haipotei. Sababu yenye uzito ni kwamba kizuizi kidogo cha thermostati hufanya shinikizo la maji ndani ya bloku liwe juu kidogo kuliko la rejeta, na shinikizo hilo huzuia mapovu ya mvuke yasizaliwe kwenye sehemu zenye moto kama lile tundu la katikati. Tena asubuhi za Juni na Julai hapa ni baridi kweli, na injini isiyo na thermostati hukaa muda mrefu ikiwa baridi, petroli ikiosha mafuta kwenye kuta za silinda. Kwa gari hili zilikuwepo thermostati za nyuzi 74 kwa nchi za joto, 82 kwa matumizi ya kawaida na 88 kwa nchi za baridi. Tuliweka ya 74, ingawa ni lazima isemwe kwamba thermostati haiongezi uwezo wa kupoza hata kidogo: inaamua injini ianzie wapi, haiamui iishie wapi.

Ilibaki siri ya barabara ya Likasi. Tulipandisha mizunguko gari likiwa limesimama na injini ikiwa moto, huku mmoja wetu akitazama mpira wa chini, ule unaopeleka maji kutoka rejeta hadi kwenye pampu. Ulilegea, kisha ukabanana katikati kama koo linalomeza. Mpira huo uko upande wa kuvuta wa pampu. Ukiwa mkuukuu na laini, na hauna springi ndani, pampu ikizunguka kwa kasi huufyonza ukajifunga, na maji hupungua wakati hasa yanapohitajiwa zaidi. Mzee, ambaye alitumia miaka mingi kuondoa maji kwenye mashimo ya migodi, alicheka kabla hatujamaliza kueleza. Hakuna mhandisi wa pampu asiyejua kwamba bomba la kuvuta ndilo linaloua kazi, si la kusukuma.

Matengenezo yalifuata mpangilio uliokusudiwa kuvunja mduara mahali pake. Disitributa ilifunguliwa, ikasafishwa na kupakwa mafuta mepesi, na taimingi ikasogezwa mbele hadi digrii 10. Nyaya za feni zilibadilishwa na kupitishiwa relei (swichi ya kubebea umeme mwingi), ingawa alteneta ya gari hili, yenye uwezo wa ampea 34 tu, haipendi feni na taa zote kwa pamoja usiku. Kisha tukageukia maji. Koki ya kumwagia iliyo nyuma ya bloku ilifunguliwa na haikutoa hata tone; ilibidi ichokonolewe kwa waya mpaka tope jekundu lilipoanza kutoka, kwani uchafu wote wa miaka hujikusanya kuzunguka silinda ya 4, mbali na pampu. Bloku ilisafishwa kwa maji ya kasi, kisha kwa asidi ya limau iliyoyeyushwa katika maji ya moto, na kusuuzwa mara kwa mara. Rejeta ilipelekwa kwa mchomeleaji, akafungua tenki la juu na kupitisha fimbo nyembamba kwenye kila mrija. Aliporudisha alisema mirija michache ndiyo iliyokuwa imeziba kabisa. Hiyo ndiyo sehemu ya hatia ya rejeta, na si kubwa.

Mpira wa chini mpya ulikuja na springi yake. Kofia sahihi ya pauni 10 ilipatikana. Hatukuweka ya 15 kama ilivyoshauriwa na wengine, kwa sababu kila pauni ya ziada inabebwa na mipira, viungo na hita zenye umri wa miaka zaidi ya 50. Chupa ya akiba iliongezwa ili maji yanayotanuka yarudi yenyewe injini ikipoa. Kilichojazwa ni maji yasiyo na chumvi, yale yanayouzwa kwa ajili ya betri, pamoja na theluthi moja ya maji ya rangi ya kupozea. Hapa hakuna barafu ya kuogopa, na maji matupu hubeba joto vizuri zaidi, lakini maji ya rangi yana dawa ya kuzuia kutu na huongeza kiwango cha kuchemka. Theluthi ilionekana kuwa mapatano yanayostahili.

Matokeo yalipimwa mahali palepale na kwa utepe uleule mweusi. Gari likiwa limesimama na injini ikinguruma saa nane mchana, mpira wa juu ulisoma 88 na wa chini 80. Kwenye barabara ya Likasi mshale haukupanda tena kwa mwendo wa 100 na zaidi, na kugonga mlimani hakukurudi licha ya taimingi kusogezwa mbele. Taa mbili za mbele mwenye gari alikataa kuziondoa kabisa, akakubali zishushwe chini ya bampa.

Lipo lalamiko moja lililobaki, nalo mzee bado analiita kuchemka. Akisimamisha gari kwa robo saa jua likiwa kali kisha akaliwasha, injini hukohoa na kusitasita kwa muda, huku geji ikiwa mahali pake. Hilo si la maji. Katika injini hii kabureta mbili za aina ya SU ziko upande uleule wa ekzosi, juu yake kabisa, na kinachozitenganisha ni bamba moja la chuma lenye bitana ya kuzuia joto. Bamba la gari hili lipo, bitana haipo, na petroli ndani ya vikombe vya kabureta huanza kugeuka mvuke muda mfupi baada ya injini kuzimwa. Bitana mpya itakatwa kwa kitambaa cha nyuzi za kioo, kwa kuwa ile ya asili ilikuwa na asbesto na hakuna sababu ya kuirudisha. Hadi hapo mzee ameelekezwa aache boneti wazi kidogo kila anaposimama juani.